Waliozimiwa: Historia ya Swichi ya Mbali

Usiku wa Alhamisi, tarehe 16 Juni 2016, ilipotimu saa sita, simu bandia zilikatwa kwenye mitandao ya Tanzania nzima kwa wakati mmoja. Hakuna askari aliyepita nyumba kwa nyumba Kilosa mjini, mkoani Morogoro, wala aliyesimamisha mabasi Mikumi ili akague mifuko ya abiria. Kazi yote ilifanyika kwenye mitambo ya kampuni za simu, kwa amri ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Simu ambayo namba yake ya utambulisho, IMEI yenye tarakimu 15, haikukubalika kwenye rejista, ilipoteza mtandao. Kioo kiliendelea kuwaka, tochi ikawaka, redio ikaimba. Kupiga na kupigiwa ndiko kulikokoma.

Sheria iliyoruhusu jambo hilo ilikuwapo tangu 2010, nayo ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Rejista yenyewe ilizinduliwa Desemba 2015, na kwa miezi sita iliyofuata wananchi walihimizwa kubonyeza *#06#, kunakili namba inayotokea na kuituma kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu lilirudi na aina ya simu; kama jibu halikufanana na jina lililoandikwa mgongoni mwa simu, mwenye simu alijua inayomsubiri. Kenya ilikuwa imetangulia: mwishoni mwa Septemba 2012 ilizima simu bandia karibu milioni 1.9.

Hatua ya TCRA ina mengi ya kulalamikiwa. Hasara ilimwangukia mnunuzi, aliyelipa pesa yake dukani kwa nia njema, badala ya mwagizaji aliyepitisha mzigo bandarini. Hata hivyo, kitu kimoja kilifanyika sawasawa: watu waliambiwa. Tarehe ilitajwa, sababu ikatajwa, njia ya kujipima ikatolewa bure, na mamlaka iliyoshika swichi ilijitokeza hadharani kwa jina lake. Mtu aliyekuwa na hasira alijua aende kulalamika wapi.

Kuna swichi nyingine, kongwe kuliko hiyo na yenye kelele kidogo, ambayo imekuwa ikizima vitu ndani ya kompyuta na simu za Watanzania bila tangazo la redio. Hiyo ni swichi ya sasisho, na historia yake inaanzia kwenye kivinjari.

Mwezi Novemba 2004, taasisi ya Mozilla ya Marekani ilitoa Firefox toleo la 1.0. Kivinjari hicho kilikuja na ahadi ambayo wakati ule ilikuwa ngeni kwa watumiaji wengi: mtumiaji angeweza kukiongezea kazi ambazo waundaji wake hawakuzifikiria. Programu ndogo za kuongeza ndizo zinazoitwa viendelezi. Kimoja huzuia matangazo, kingine hupakua faili kubwa vipande vipande, kingine huhifadhi ukurasa mzima ili usomwe mtandao ukikatika. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46 katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kwenye kila menyu. Kazi zote mbili zilisimama juu ya msingi mmoja: programu huria, ambayo anayeitumia ana haki ya kuifungua na kuibadilisha. Hakuna mtu chuoni hapo aliyehitaji kuomba ruhusa ya kuandika neno "Hifadhi" mahali palipokuwa na neno la Kiingereza.

Siku zile sasisho lilikuwa tukio. Kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea satelaiti, ghali na nzito. Toleo jipya la programu mara nyingi lilisafiri kwa sidii au flashi, na aliyeridhika na la zamani aliendelea nalo. Programu haikuwa na namna ya kubadilika yenyewe usiku, kwa sababu usiku kompyuta haikuunganishwa na chochote.

Intaneti ya kudumu ndiyo iliyogeuza mambo. Chrome ya Google ilitoka Septemba 2008 ikiwa na mtindo wake: kujisasisha kimyakimya, bila kuuliza. Mwaka 2011 Firefox nayo iliacha kutoa matoleo makubwa kwa nadra na kuanza kutoa jipya kila baada ya wiki sita. Mateso ya viendelezi yalianzia hapo. Kila kiendelezi kilikuwa kimeandikiwa kikomo cha toleo ambalo kinakubali kufanya nalo kazi. Toleo likipanda, kiendelezi kinazimwa hadi mwandishi wake, ambaye mara nyingi alikuwa mtu mmoja anayejitolea baada ya kazi zake, abadilishe namba hiyo. Mozilla ilikisikia kilio hicho, na kuanzia Firefox 10, Januari 2012, viendelezi vingi vilihesabiwa kuwa vinafaa mpaka ithibitike vinginevyo. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Haukudumu.

Ni haki kueleza kilichofuata kwa ukamilifu, kwa sababu waliotaka swichi ya mbali walikuwa na sababu za kweli. Aliyetumia kompyuta za umma miaka ya 2010 hadi 2014 anakumbuka vibao vya kutafutia vya Ask na Babylon vilivyojipandisha juu ya kivinjari, kimoja juu ya kingine, mpaka ukurasa wenyewe ukabaki na nafasi ya kiganja. Vibao hivyo viliingia vimejificha ndani ya programu nyingine, vikabadili ukurasa wa kuanzia, vikapachika matangazo. Mwaka 2015 Mozilla iliamua kwamba kila kiendelezi lazima kiwe na sahihi ya kidijitali ya Mozilla yenyewe. Kuanzia Firefox 48, Agosti 2016, kivinjari cha kawaida kilikataa kabisa kiendelezi kisicho na sahihi, na mtumiaji hakuachiwa kitufe cha kusema, "Nakijua, nakitaka."

Katika mabishano yaliyofuata, kitufe hicho ndicho kitu chenyewe. Kumlinda mtu dhidi ya mwizi ni jambo moja. Kumnyima ufunguo wa mlango wake ni jambo jingine, na mambo haya mawili yalifungwa pamoja kana kwamba hayatenganishiki.

Tarehe 14 Novemba 2017 ilitoka Firefox 57. Ilikuwa na kasi zaidi na salama zaidi, na iliachana na mfumo wote wa viendelezi vya zamani. Waandishi walionywa tangu Agosti 2015, lakini watumiaji wa kawaida walilijua jambo hilo siku walipofungua kivinjari na kukuta orodha imeandikwa kuwa ni ya vitu vilivyopitwa na wakati. NoScript, kinachozuia hati za kurasa kujiendesha, kilirudi baada ya siku chache. DownThemAll, kinachopakua faili vipande vipande, hakikurudi hadi 2019, tena kikiwa kimepunguzwa uwezo. Kwa mtu wa Stockholm mwenye waya wa intaneti nyumbani, DownThemAll kilikuwa pambo. Kwa mtu anayepakua faili la megabaiti 300 kwa mtandao unaokatika mara tano, kiendelezi kinachoanzia pale kilipoishia ndicho kinachoamua kama atalipata faili hilo au ataunguza bando bure.

Kilosa panaifahamu hali ya kubadili mfumo huku watu wamo safarini, kwa sababu upana wa reli umeandika historia ya wilaya hiyo. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Tawi lake linatoka Kilosa, linapita Mikumi na kuishia Kidatu, ambako linakutana na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la huku haliwezi kuingia kule. Mwaka 1998 kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo hapo Kidatu. Sasa reli ya kisasa, SGR, yenye upana wa milimita 1,435, nayo inapita Kilosa, na tangu Julai 2024 imebeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Treni ya umeme ilipoanza, reli ya mita haikung'olewa asubuhi yake. Mabehewa ya zamani yanaendelea kwenda Kigoma na Mwanza, na mwenye mzigo ndiye anayechagua.

Firefox nayo iliibakiza reli ya zamani, ingawa kwa muda mfupi na bila kibao cha kuielekeza. Tangu 2012 Mozilla imekuwa ikitoa toleo la muda mrefu, ESR, lililotengenezwa kwa ajili ya taasisi: linapata marekebisho ya usalama bila kubadilishiwa tabia. ESR 52 iliendelea kukubali viendelezi vya zamani hadi Septemba 2018. Hii inathibitisha kwamba usalama na mabadiliko ya tabia vinaweza kutolewa katika mifuko miwili tofauti. Lakini nani katika steshenari ya Kilosa au Mikumi aliambiwa kwamba toleo hilo lipo?

Steshenari hizo zinastahili kutazamwa kwa uzito, maana ndizo ofisi za intaneti za miji midogo. Humo wanafunzi hujaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, watafuta kazi hutuma barua zao kwenye mfumo wa ajira serikalini, wazazi huchapishiwa fomu za kujiunga na shule. Kompyuta mara nyingi ni ya mtumba, Windows yake ya zamani, na intaneti inatoka kwenye simu ya mwenye duka kwa bando la siku. Mikumi, mji wa malori na mabasi kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, una wateja wanaosubiri kwa dakika chache tu gari lisiondoke. Katika mazingira hayo, sasisho la makumi ya megabaiti linaloanza bila kuuliza lina bei ya shilingi, na kizuia matangazo kikizimwa, kila ukurasa unakuwa mzito kuliko jana na mwenye duka ndiye anayelipia uzito huo.

Oktoba 2018, katika Firefox 63, chaguo la kusema "usitafute masasisho kamwe" liliondolewa kwenye ukurasa wa mipangilio. Taasisi zenye mafundi ziliachiwa njia ya kuzima kwa faili la sera. Mtu mmoja mmoja aliachiwa chaguo la kukumbushwa kabla sasisho halijasimikwa.

Kisha ikafika Jumamosi, tarehe 4 Mei 2019.

Ile sahihi iliyotakiwa tangu 2016 ilitegemea mnyororo wa vyeti vya kidijitali, na kila cheti kina tarehe ya mwisho. Kimoja cha katikati kiliisha muda wake baada tu ya saa kumi alfajiri kwa saa za Tanzania. Hakuna aliyekihuisha. Firefox hukagua sahihi za viendelezi mara moja kila saa 24, kwa hiyo uzimaji haukuja kwa pigo moja. Ulienea saa baada ya saa, kompyuta moja ikizimiwa asubuhi, nyingine jioni, na kila mtu akidhani ni yake tu iliyoharibika. Vizuia matangazo vilikwenda, vitunza nywila vikaenda. Ndani ya Tor Browser, kivinjari kilichojengwa juu ya Firefox na kinachotumiwa na waandishi wa habari na watu wenye sababu nzito za kujificha, NoScript kilizimika pia. Ngao ilianguka kwa sababu ya tarehe.

Mozilla ilifanya kazi usiku kucha, na hilo lisemwe. Lakini njia ya haraka waliyokuwa nayo ya kupeleka tiba ilikuwa mfumo wa tafiti, ule unaotumiwa kujaribia mambo kwa watumiaji na unaoambatana na kutuma taarifa za matumizi. Aliyekuwa amezima tafiti, ama kwa kulinda faragha au kwa kubana bando, hakuipata tiba mpaka aziwashe. Waliojali zaidi kuwa na usemi juu ya kompyuta zao ndio walioambiwa waulegeze kwanza. Toleo la 66.0.4 lenye tiba kamili lilitoka tarehe 5 Mei, na 66.0.5 likafuata tarehe 7. Baadaye Mozilla ilitangaza kwamba itafuta taarifa zote za matumizi ilizokusanya kwa watu wote katika juma lile, kwa kuwa baadhi yao walizifungulia mlango kwa kulazimika. Makampuni machache yamewahi kufika hapo.

Tukio hilo lilifichua jambo moja. Katika toleo la wasanidi na katika ESR kulikuwa na mpangilio, xpinstall.signatures.required, ambao mtumiaji angeweza kuugeuza na kuviwasha viendelezi vyake mwenyewe kwa sekunde chache. Watumiaji wa Tor walielekezwa kuutumia kwa muda. Kwenye Firefox ya kawaida ya Windows na Mac mpangilio huo uliandikwa lakini haukutii. Swichi ilikuwepo ukutani, waya umekatwa.

Kwenye simu, ambako Watanzania wengi ndiko wanakokutana na intaneti, kipigo kilikuja 2020. Firefox ya Android ilikuwa imeruhusu viendelezi vya aina zote kwa miaka, jambo ambalo Chrome ya kawaida ya simu haikuwahi kuliruhusu. Mwezi Agosti mwaka huo toleo lililoandikwa upya lilianza kushuka kupitia Play Store, na kwa aliyeacha masasisho yajiendeshe, kivinjari kilibadilika akiwa amelala. Viendelezi vilivyokubalika mwanzoni vilikuwa tisa. Kizuia matangazo uBlock Origin kilikuwamo, kwa bahati njema. Mamia ya vingine vilizimwa. Mlango ulifunguliwa tena Desemba 2023, kwa viendelezi zaidi ya 450. Miaka mitatu na zaidi ni muda mrefu wa kusubiri kitu ulichokuwa nacho.

Google nayo ilikuwa na hesabu zake. Chrome ya Android ilikuwa na hali ya kubana data, iliyopitisha kurasa kwenye seva za Google na kuzipunguza uzito kabla hazijafika kwenye simu. Iliondolewa Machi 2022, Chrome ilipofika toleo la 100, kwa maelezo kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Mtu anayenunua bando la saa 24 kwa sarafu za mfukoni hakuulizwa kama kwake zimeshuka.

Kubwa zaidi lilikuwa njiani. Mwishoni mwa 2018 Google ilichapisha rasimu ya kanuni mpya za viendelezi, Manifest V3. Kanuni za awali zilikiruhusu kiendelezi kusimama kati ya kivinjari na mtandao, kukagua kila ombi na kuamua kulizuia. Kanuni mpya zinakitaka kikabidhi orodha ya masharti mapema, na uamuzi unafanywa na kivinjari chenyewe. Google ilisema hiyo inalinda faragha na kuongeza kasi. Raymond Hill wa Kanada, aliyetoa uBlock kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na ambaye amekataa michango ya fedha kwa kazi hiyo, alieleza mapema kwamba kizuia matangazo chake hakiwezi kufanya kazi yake yote ndani ya mipaka hiyo. Na ni vigumu kulisahau jambo lililo wazi: kampuni iliyoandika kanuni hizo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwenye matangazo.

Utekelezaji ulikwenda kwa ngazi. Juni 2024 maonyo yalianza kuonekana. Oktoba 2024 viendelezi vya zamani vilianza kuzimwa kwa watumiaji wa kawaida, lakini mtu aliweza kurudi kwenye mipangilio na kuviwasha tena. Mwaka 2025 kitufe hicho nacho kikaondolewa. uBlock Origin kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 30 kwenye Chrome pekee. Walibakiwa na ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, mwenye uwezo pungufu. Kampuni na taasisi zilizosimamia kompyuta zao kwa sera za Chrome ziliongezewa muda hadi Juni 2025. Benki yenye idara ya teknolojia ilipewa mwaka mzima wa kujipanga. Mwenye steshenari, ambaye kompyuta yake ni moja na fundi ni yeye mwenyewe, hakupewa.

Sera hiyo ilionyesha wazi jinsi usemi ulivyogawanywa. Kitaalamu, kumwachia mtu binafsi chaguo lilelile kulikuwa jambo dogo: msimbo uliokwishaandikwa kwa ajili ya mabenki ulikuwa tayari ndani ya kompyuta yake. Kilichokosekana ni kukubali kwamba yeye pia ni mwenye kompyuta.

Hapa pana sharti ambalo anayetetea haki ya kukataa analazimika kulibeba. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kupita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni ambao hawakusasisha. Kompyuta inayopitisha vyeti vya kuzaliwa na namba za utambulisho za NIDA za watu haifai kuachwa na matundu ya miaka mitatu. Ndiyo maana dai la haki si kuzima masasisho yote. Ni kwamba kiraka cha usalama kije peke yake, uzimaji wa kitu alichokiongeza mwenyewe mtumiaji utangazwe kwa lugha anayoielewa, na mwisho wa tangazo pawe na kitufe kinachotii.

Machi 2025 cheti kingine cha Firefox, safari hii cha mzizi, kilikaribia mwisho wake tarehe 14. Mozilla ilitangaza mapema kwamba matoleo yaliyo chini ya 128 yatapoteza viendelezi, na kwa kompyuta za Windows 7 na 8, ambazo haziwezi kupokea matoleo mapya, ikaelekeza toleo la ESR 115.13 au la juu yake, ambalo uhai wake umeongezwa zaidi ya mara moja. Tangazo lilitoka, tarehe ilitajwa, njia ya kuvuka ilioneshwa. Kuhusu kanuni za zamani za viendelezi, Mozilla imesema itaendelea kuzikubali pamoja na mpya, na ikibadili nia itatoa taarifa angalau miezi 12 kabla.

Kwa hiyo kompyuta ya mtumba pale Kilosa inaweza leo kuendesha ESR hiyo pamoja na uBlock Origin kamili. Simu ya Android Mikumi inaweza kuweka Firefox na kiendelezi kilekile, na ndani ya Play Store masasisho yanaweza kuwekewa sharti la Wi-Fi pekee, ili yasubiri mpaka mwenye simu afike penye mtandao usiokula bando lake.